Bahasha ya Miaka Minane

Mwanadamu hupenda kujua mwisho wa jambo kabla mwisho wenyewe haujafika. Mkulima hutazama mawingu, mvuvi hutazama mwezi, na mfanyabiashara hutazama bei ya jana ili akisie bei ya kesho. Hakuna ubaya katika kukisia, maana pasipo makisio hakuna mbegu ambayo ingepandwa. Ubaya huingia pale moyo unapoishika kalamu na kuandika jibu kabla akili haijaulizwa. Kosa hilo nimelitenda mimi, tena nililitenda mbele ya wanafunzi ambao kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kuliepuka. Nalisimulia hapa kwa sababu niliahidi kulisimulia.

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya bweni. Wanafunzi wetu walitoka pande nyingi za Kenya, na mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka mchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makao yao. Shule ilipofunguliwa, watoto waliokuwa wakilala chumba kimoja walirudi wakitazamana kwa shaka. Walimu nasi tulikuwa na shaka hiyo hiyo, ila tuliweza kuificha vizuri zaidi.

Katika hali hiyo ikaja habari ya Novemba 2008, kwamba Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya na ambaye ukoo wake uko K'Ogelo katika Siaya, amechaguliwa kuwa rais wa Marekani. Serikali yetu ikaitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko. Nakumbuka kwamba wanafunzi waliokuwa hawasemezani walishikana mikono na kucheza pamoja uwanjani. Mtu wa mbali, asiyetujua hata mmoja wetu, alikuwa ametupa furaha moja ya kugawana. Msomaji akilikumbuka jambo hilo ataelewa kwa nini baadaye sikutaka kusikia neno lolote la kuipunguza.

Tarehe 20 Januari 2009, saa mbili usiku kwa saa zetu, tulikusanyika bwaloni tukamtazama katika televisheni akila kiapo. Kesho yake kidato cha tatu walikuwa na somo la takwimu, nami nikaona kwamba nafasi ya kulipamba somo imejileta yenyewe. Nikawaambia, "Rais huyu ameingia jana akipendwa. Siku moja ataondoka. Kila mmoja wenu aandike katika karatasi: siku ya kuondoka kwake, ni watu wangapi katika kila 100 wa Marekani watakaosema kwamba wanaikubali kazi yake? Karatasi zote tutazitia katika bahasha, na bahasha itafunguliwa siku hiyo."

Darasa likachangamka. Lakini kwanza ilinipasa kueleza namna jambo hilo linavyopimwa. Tangu miaka ya 1930 shirika la Gallup la huko Marekani liliwauliza watu swali moja: je, wakubali au hukubali namna rais anavyoifanya kazi yake? Halikuuliza taifa zima. Liliuliza watu 1,000 au 1,500 hivi, waliochaguliwa toka kila upande. Mwanafunzi mmoja akauliza inawezekanaje watu 1,000 wakawasemea mamilioni. Nikamkumbusha kazi ya mnunuzi wa mahindi. Mnunuzi hamwagi gunia lote chini. Huchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfuo, akavuta nafaka kidogo, akaitazama. Akichoma juu, katikati na chini, haki itatendeka. Akichoma mahali pamoja tu, atadanganyika hata akivuta debe zima.

Nikawapa na mfano wa kweli. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilipokea majibu zaidi ya 2,000,000, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alisema Roosevelt ndiye atakayeshinda. Na Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limechoma gunia upande mmoja, upande wa watu wenye simu na magari, katika miaka ambayo wengi hawakuwa na vitu hivyo.

Kisha nikaandika ubaoni namba ambazo nilikuwa nimezinakili mjini kwa mtu mwenye intaneti. Zilikuwa vipimo vya mwisho vya marais waliotangulia: Truman 32 kwa mia, Eisenhower 59, Kennedy 58, Johnson 49, Nixon 24, Ford 53, Carter 34, Reagan 63, Bush baba 56, Clinton 66, na Bush mwana, aliyekuwa ametoka madarakani jana yake, 34. Niliziandika kwa mwandiko mzuri, nikazipigia mstari. Baada ya hapo sikuzitazama tena. Namba hizo zilikuwa pambo la ubao wangu, kama picha ya mlima itundikwavyo sebuleni na mtu asiyekusudia kuupanda.

Wanafunzi wakaandika, kisha wakasoma mmoja mmoja. Wengi walisema 80, wengine 90, na wawili watatu walisema 100 kamili. Mimi mwenyewe niliandika 80, nikajiona mtu mwenye kiasi. Ikafika zamu ya msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mtoto mkimya, ambaye jina lake sitalitaja. Akasimama akasoma: "Arobaini na nane, au hamsini na sita."

Darasa likanong'ona. Nikamwuliza, "Ni ipi katika hizo mbili?" Akajibu, "Mwalimu, sijui kama watu watamrudisha baada ya miaka minne. Kwa hiyo nimeandika zote mbili."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikacheka. Nikasema kwa sauti ya kuwafurahisha wenzake, "Haya, tumepata mganga wetu! Akipigia ramli mgonjwa husema atapona au atakufa, na ada yake anachukua." Darasa zima likaangua kicheko. Nami kwa kuwa kicheko kilinipendeza, nikaongeza, "Na kwa nini umtakie kijana wetu mabaya? Dunia nzima inamshangilia, wewe wamhesabia kushindwa?" Msichana akakaa. Akaikunja karatasi yake mara mbili, akaitia katika bahasha kama wenziwe. Nikaifunga bahasha kwa gundi, nikaiweka katika kabati la chumba cha walimu, chini ya vitabu vya mahudhurio.

Sikumwuliza amezipataje namba zake. Neno moja tu la mwalimu, "Umeipataje?", lilinishinda. Mwaka ule wote, na uliofuata, msichana yule hakuinua tena mkono katika somo langu. Nililiona jambo hilo, nikajiambia kwamba ni haya za wasichana.

Miaka ikaenda. Kipimo cha Obama, ambacho mwanzo kilikuwa karibu 7 katika kila 10, kikashuka upesi kuliko nilivyodhani. Marekani ilikuwa imeingia katika msukosuko wa uchumi tangu mwaka 2008, na kazi zilikuwa adimu. Mwaka 2011, na tena mwaka 2014, kilifika 38 kwa mia. Kila niliposoma habari hizo nilitafuta wa kumlaumu. Niliwalaumu wapinzani wake, nikayalaumu magazeti, nikawalaumu hata Wamarekani walioulizwa. Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi. Nami niliila nyama hiyo miaka minane bila kuuliza imetoka bucha gani.

Tarehe 20 Januari 2017 Obama alitoka madarakani baada ya vipindi viwili kamili. Kipimo chake cha mwisho kwa Gallup kilikuwa 59 kwa mia. Nilikaa peke yangu katika chumba cha walimu, nikaifungua bahasha. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi. Niliipata yangu yenye 80, nikaona nimekosea kwa 21. Nikazipitia nyingine, nyingi zikiwa zimekosea kama yangu au zaidi. Mwisho nikaikunjua ile iliyokunjwa mara mbili.

Juu yake ziliandikwa namba mbili, 48 na 56. Chini yake, kwa mwandiko mdogo, palikuwa na kazi yote. Aliandika hivi: waliotimiza vipindi viwili kamili ni Eisenhower 59, Reagan 63, Clinton 66 na Bush mwana 34, jumla 222, gawanya kwa 4, ni 55 na nusu. Waliotaka kubaki wakashindwa uchaguzini ni Ford 53, Carter 34 na Bush baba 56; jumla 143, gawanya kwa 3, ni karibu 48. Mwishoni aliongeza maneno machache: "Watu wanne ni wachache, naweza kukosea."

Alikuwa amekosea kwa 3 tu, tofauti ndogo kiasi ambacho hata kipimo chenyewe huweza kukosea. Wala hakupata jibu lake kwa ramli. Alilipata katika ubao wangu mwenyewe, katika namba nilizoziandika kwa mkono wangu na kuzipa mgongo. Katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba mwalimu aliziandika ili zitumike.

Nilimtafuta. Nilimpata kwa njia ya mama yake mkubwa, aliyekuwa akiuza nguo sokoni, naye akanipa namba ya simu. Binti alikuwa sasa mtu mzima, akifanya kazi ya ukarani katika mji mwingine. Aliniamkia kwa adabu kama zamani. Nikamweleza habari ya bahasha, nikamsomea karatasi yake, nikamwambia jibu lilikuwa 59. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, namba zile nilizisahau zamani. Kicheko sikukisahau."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi nimekupa, Mwalimu. Lakini mimi sikuchekwa katika simu. Nilichekwa mbele ya darasa."

Maneno hayo hayakuwa na ukali wowote, na kwa hiyo yaliniingia zaidi. Nikamwahidi kwamba habari hii nitaisema mbele ya darasa, na mbele ya kila darasa nitakalopewa. Ahadi ni deni, na makala haya ni sehemu ya malipo yake.

Nilipoisimulia mara ya kwanza, wanafunzi waliniuliza: je, kuna kanuni ya kujua rais ataondoka na sifa kiasi gani? Niliwajibu kwamba kanuni ya hakika hakuna, lakini yapo mambo matatu yanayomwongoza mtu asipotee mbali.

La kwanza ni kwamba kilele hakitabiri mwisho. Truman alipoingia mwaka 1945, vita vikuu vikielekea ukingoni, alikubaliwa na 87 kwa mia. Mwaka 1952, katika uchovu wa vita vya Korea, alishuka hadi 22. Bush baba alifikia 89 mwaka 1991 baada ya ushindi wa vita vya Ghuba, na mwaka uliofuata, uchumi ulipolegea, akawa na 29. Bush mwana alifikia 90 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, akashuka hadi 25 mwaka 2008. Anayetazama siku ya shangwe na kudhani itadumu ni kama mgeni aliyefika kijijini siku ya harusi, akaandika nyumbani kwamba huku watu hula pilau kila siku.

La pili ni kwamba shimo nalo halitabiri mwisho. Bush baba huyo huyo, aliyekuwa na 29 katikati ya mwaka 1992 na kushindwa uchaguzi Novemba, aliondoka Januari 1993 akiwa na 56. Clinton alishtakiwa na Bunge Desemba 1998, naye akaondoka na 66. Watu humlegezea moyo mtu anayefunga mizigo yake, kwa kuwa hana tena la kuwanyima. Si wote wanaolegezewa hivyo, maana Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kwa ajili ya kashfa ya Watergate akiwa na 24. Lakini lilegeapo joto la ushindani, macho ya wengi huona yale ambayo ushindani uliyafunika.

La tatu ni kwamba hukumu ya siku ya kuaga si hukumu ya mwisho. Truman aliondoka na 32 kwa mia, watu wakidhani amesahaulika. Leo wanahistoria wengi humweka katika safu ya marais bora wa nchi ile. Kipimo cha siku ya kuondoka huonyesha jinsi watu walivyoona siku hiyo, wakiwa na bei za siku hiyo na majonzi ya siku hiyo. Hakisemi rais alikuwa mwema au mbaya. Kwa hiyo hata kama ningelipatia, nikaandika 59 badala ya 80, nisingelikuwa nimepima ubora wa mtu, na binti yule aliyeandika namba ndogo hakuwa amemtukana mtu yeyote. Yeye alikisia maoni ya watu. Mimi nikamsikia kana kwamba anakisia thamani ya furaha yetu.

Nisije nikaonekana nimetoka katika kosa moja na kuingia katika lingine, niseme pia kwamba hesabu ya binti yule haikuwa uganga. Donald Trump alishindwa uchaguzi wa Novemba 2020. Kwa kanuni ya walioshindwa angeondoka na 48 hivi. Lakini tarehe 6 Januari 2021 umati wa wafuasi wake ulilivamia jengo la Bunge, na kipimo chake cha mwisho katika kipindi kile kilikuwa 34. Hesabu ilikosa kwa 14. Namba za zamani hutupa mahali pa kuanzia safari, hazituahidi mahali pa kufika. Mwenyewe alikuwa amekwisha liandika hilo katika karatasi yake: watu wanne ni wachache.

Nimalizie kwa jambo la karibuni. Tarehe 21 Julai 2024 Joe Biden alitangaza kwamba hatagombea tena, na mwezi huo kipimo chake kilikuwa 36 kwa mia. Juma lililofuata niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu wakisie atakavyoondoka. Wengi walisema 20, wengine 60, kila mmoja kwa kadiri ya mapenzi yake. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Arobaini na nusu."

Wenziwe wakacheka. Sijawahi kusikia mtu akikisia nusu, na nakiri kwamba kicheko kilinifika hata mimi kooni. Nikakimeza. Nikamwuliza, "Umeipataje?"

Akasema, "Mwalimu, Biden hakushindwa uchaguzini, wala hakutimiza vipindi viwili. Amejiondoa mwenyewe. Katika orodha yako waliojiondoa hivyo, ilhali sheria iliwaruhusu kugombea, ni Truman mwaka 1952 na Johnson mwaka 1968. Mmoja ana 32, mwingine 49. Nimejumlisha, nikagawanya kwa 2."

Kicheko kikakoma. Nikaandika namba yake ubaoni, nikaandika na sababu yake pembeni. Januari 2025 Biden aliondoka, na kipimo chake cha mwisho kwa Gallup kilikuwa 40 kwa mia. Darasa lilimshangilia mvulana yule kama aliyefunga bao, na yeye mwenyewe akainuka kutuliza kelele. "Watu wawili si kanuni," akasema, "huenda ni bahati." Nikamwambia kwamba maneno hayo ni bora kuliko jibu lenyewe, na kwamba miaka 15 kabla yake yuko binti aliyeandika maneno ya namna hiyo katika darasa langu, nami sikumsikia.

Enyi wasomaji vijana, mtaishi katika nchi ya uchaguzi na vipimo vya maoni, na kila siku mtaombwa mkisie mwisho wa viongozi wenu, wa vyama vyenu na wa mambo mnayoyapenda. Kisieni. Lakini kabla ya kuandika namba, tazameni walioipita njia hiyo hiyo na mwone waliishia wapi. Na mwenzenu akitoa namba isiyowapendeza, msimwulize yuko upande wa nani. Mwulizeni ameipataje, kisha mnyamaze mpaka amalize kujibu.

Bahasha ile ninayo bado katika kabati. Ndani yake imebaki karatasi moja tu, yangu yenye 80. Ile iliyokunjwa mara mbili nilimpelekea mwenyewe, nayo nimeisahihisha kwa wino mwekundu, kama ilivyonipasa kufanya mwaka 2009.